Anza na Cheupe: Kupima Picha ya Rangi ya Ufukweni

Ukionyeshwa picha ya rangi ya ufukwe wa kiangazi, bahari iache kwanza. Ubuluu ndio rangi rahisi kuliko zote. Hata simu ya bei nafuu itakupa, tena kwa kuzidisha. Tafuta kitu cheupe: ukuta wa mbao, taulo, shuka kwenye kamba. Cheupe hukopa rangi ya mwanga unaokiangukia. Kivulini, mchana, kitaingia usamawati wa anga; jua likielekea kutua kitaota manjano au uwaridi. Ukikuta weupe ule ule juani na kivulini, jua kwamba aliyesafisha picha ameusahihisha, na saa ya kupigwa kwake imepotea. Picha ya ufukweni isiyo na saa haiwezi kuwa kumbukumbu ya mtu. Hilo ni tangazo la hoteli.

Picha ninazolinganishia ni za Joel Meyerowitz, zilizomo katika kitabu chake Cape Light cha mwaka 1978. Alizipiga Cape Cod, jimbo la Massachusetts, Marekani, nyingi zikiwa za Provincetown na Truro, kiangazi cha 1976 na cha 1977. Kabla ya hapo alijulikana kwa picha za mitaani New York, kamera ndogo mkononi, mwendo wa haraka. Cape Cod alichukua kamera kubwa ya mbao aina ya Deardorff, ambayo filamu yake ni inchi 8 kwa 10. Eneo hilo ni karibu mara 60 ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Kamera ya namna hiyo husimamishwa juu ya miguu mitatu; mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kwenye kioo huyaona mambo yote kichwa chini. Huwezi kumvizia mtu na chombo hicho. Unachoweza ni kusubiri mwanga, na Meyerowitz alijua kusubiri.

Mahali penyewe napo palimpa msaada. Cape Cod ni ulimi wa mchanga uliojikunja baharini kama mkono uliokunjwa kiwikoni, kwa hiyo Provincetown, ingawa ni pwani ya mashariki, huona jua likizama upande wa maji. Sisi wa Mombasa na Dar es Salaam jua letu hutoka baharini na kutua bara, na bila kujua tunaweza kuzisoma jioni zake kuwa ni alfajiri. Tazama mara mbili.

Kuna picha yake ya 1977, Red Interior, Provincetown: gari limeachwa mlango wazi wakati wa magharibi, viti vyekundu vinawaka kwa taa ya ndani, na nje kumeingia usamawati wa giza. Hapa ndipo fundi hujulikana. Taa na anga ni mianga miwili isiyopatana. Mpiga picha wa kawaida hurekebisha mmoja na kuuharibu mwingine. Meyerowitz ameiacha yote miwili. Tena hakuna cha kumwonyesha mtalii humo, wala mnara wa taa wala tanga. Kuna gari ambalo mtu ameshuka sasa hivi, labda kapeleka mizigo ndani, na anayejua kiangazi cha mahali pale atajua ni saa ngapi. Kumbukumbu ya mtu hushika vitu vya namna hii. Kadi ya posta huviruka.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ubora maana yake ni upole. Mpiga picha Martin Parr alipiga picha ufukwe wa New Brighton, karibu na Liverpool, Uingereza, kati ya 1983 na 1985, na kuzitoa mwaka 1986 katika kitabu The Last Resort. Aliwasha flashi juani. Rangi zinapiga kelele: aiskrimu inayoyeyuka, watoto wenye hasira, takataka. Wako waliomlaumu kwamba anawadhihaki watu wa kipato kidogo. Mimi naona flashi ile inafanya kazi iliyo sawa na subira ya Meyerowitz: inatuambia siku ile ilihisiwaje mwilini.

Sasa jambo linalowadanganya wanunuzi. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970, hata zile za harusi zilizomo kabatini mwetu, zimegeuka nyekundu. Karatasi zake zina rangi tatu, sayani, majenta na manjano, na katika karatasi nyingi za wakati ule sayani ndiyo iliyokufa mapema, hata albamu ikiwa imefungwa gizani. Wekundu unaotufanya tuhisi zamani ni kemia. Mpiga picha hakuuweka. Programu za simu leo zinauuza wekundu huo kwa picha ya jana.

Kwa hiyo picha iliyo kwenye fremu itolewe. Linganisha ukingo uliofichwa na fremu na sehemu ya katikati. Zikitofautiana, mwanga wa dirisha ndio ulioila, na mara nyingi huanza na majenta. Zikiwa nyekundu sawasawa, ni sayani iliyokufa gizani. Katika hali ile ya mwanga ukingo huo ndio wa kutumia kukadiria ile rangi ya kwanza; katika hii ya giza ukingo nao umebadilika, usiuamini. Bei ijadiliwe baada ya hapo. Muuzaji akikataa kufungua fremu, mwachie picha yake.