Mkono wa Pompadour

Sonara anapochonga jina juu ya pete huzuia pumzi. Nilimtazama mmoja Mombasa, ameinamia kazi yake, huku mteja akimharakisha: kwenye mashine ni dakika mbili tu! Mzee hakumjibu. Nikamkumbuka Madame de Pompadour, ambaye angevuta kigoda akae atazame.

Wengi humtaja kuwa hawara wa mfalme, basi. Ni kweli Louis XV wa Ufaransa alimweka kwenye kasri la Versailles mwaka 1745 na kumpa cheo cha markizi, na makabaila wakamdharau kwa kuwa hakuzaliwa miongoni mwao. Mapenzi yalipoa yapata mwaka 1750, lakini yeye alibaki mshauri na msiri wa mfalme hadi alipofariki mwaka 1764, akiwa na umri wa miaka 42. Kwa neno lake mawaziri walipanda na kuanguka. Hayo yameandikwa mno.

Mimi nalipenda jiwe. Jacques Guay, mchongaji wa vito wa mfalme, alimfundisha kazi yake, na kazi hiyo haina huruma. Kipande cha akiki kisichozidi ukucha hugandishwa kwenye kijiti cha kushikia, kikasogezwa kwenye ncha ya chuma inayozunguka, iliyopakwa mafuta yenye vumbi la almasi. Ncha hukaa pale pale. Jiwe ndilo linalotembea. Sura ya muhuri huchongwa kinyume, kwenda ndani, na fundi haioni sawasawa mpaka aigandamize kwenye nta. Akizidisha kidogo tu, pua imekwenda, wala hakuna kiraka.

Mwanamke aliyeweza kuagiza chochote alikubali kuwa mwanafunzi wa kazi hiyo. Kisha akavichora vito vya Guay kwenye mabamba ya shaba ya kuchapia picha, zaidi ya 50, akifuata michoro ya msanii François Boucher, ili hata asiyevishika avione. Alisaidiwa, naam, mwanafunzi gani hasaidiwi? Katika wasia wake, mawe yale alimwachia mfalme yatunzwe.

Mkono uliokwisha kuonja ugumu ndio uliowatetea mafundi. Kiwanda cha kaure cha Vincennes, alichokitetea, kilihamia Sèvres mwaka 1756, karibu na kasri lake la Bellevue, na mwaka 1759 mfalme akakichukua chote, kisife kwa madeni.

Wakubwa wa leo hukata utepe kwenye maonyesho ya ufundi, wakapigwa picha, wakaondoka. Ofisini kwao samani zimeshuka kwenye makontena. Nasi tulio wadogo tunabishania bei ya kazi ambayo hatujawahi kuijaribu hata nusu saa. Fundi huumizwa na njaa, lakini humuumiza zaidi kukosa mtu anayejua alichokifanya. Pompadour alijua. Wanaomcheka kwa kitanda chake wangejiuliza kwanza ni ufundi gani umeishi kwa sababu yao.