Kazi Iliyo Nyuma ya Cheti

Kwenye ubao wa matangazo wa hospitali ya mkoa, kati ya ratiba ya kliniki na bei za vipimo, pamebandikwa picha ya mkunga aliyechaguliwa kuwa mfanyakazi bora. Amevaa fulana na kofia ya Mei Mosi, cheti amekishika kwa mikono miwili, na pembeni yake amesimama Mganga Mfawidhi. Chini ya picha wameandika jina, idara, na kwamba anapongezwa kwa utendaji kazi uliotukuka.

Nilisimama pale kwa muda, kwa sababu mama yule namfahamu. Miezi kadhaa kabla ya picha hiyo kupigwa nilikaa naye usiku mzima kwenye chumba cha leba, nimemsindikiza mdogo wangu aliyekuwa akijifungua mtoto wa kwanza. Jina lake sikulijua usiku ule. Mikono yake niliijua. Maneno yaliyoandikwa chini ya picha ni ya haki kabisa, ila mtu akiyasoma hatajua mama huyu anafanya nini hasa.

Tulifika saa mbili usiku. Alinawa, akafuta maji, kisha akasugua viganja mpaka vikapata joto. Mikono ya baridi, alituambia, hulifanya tumbo likaze, na tumbo likikaza halisomeki. Akaanza kusoma. Juu, chini ya mbavu, alitafuta makalio ya mtoto, ambayo ni laini na hayana umbo kamili. Pembeni alitafuta mgongo, upande mmoja mrefu na mgumu kama ubao, upande wa pili vijinundu vya magoti na viwiko vinavyokwepa vidole. Chini, juu ya mfupa wa nyonga, alikishika kichwa na kukipima kwa vidole: vinne kati ya vitano bado viko juu. Hakuwasha mashine yoyote. Katika dakika chache alikuwa anajua mtoto amelalaje, ametazama wapi, na bado ana safari ya kiasi gani.

Kisha alichukua fetoskopu, ile pembe ndogo inayowekwa mdomo mpana tumboni na sikio kwa juu. Daktari Mfaransa Adolphe Pinard ndiye aliyeipa umbo hili mwaka 1895, na mpaka leo haihitaji betri wala umeme. Mkunga huinama, akaachia mkono, pembe ikabaki imebanwa kati ya sikio na tumbo, maana vidole vikiishika huleta mkwaruzo unaofunika mapigo. Mkono uliobaki huru haukukaa bure: ulishika mshipa wa kifundo cha mkono wa mdogo wangu. Nilimwuliza sababu. Mapigo ya mama yanaweza kumdanganya msikilizaji akadhani ni ya mtoto, kwa hiyo husikiliza moja huku akigusa lingine. Akahesabu dakika nzima kwa saa yake. Mtoto mzima hupiga kati ya 110 na 160. Jambo ambalo sikulitarajia ni wakati aliouchagua: alingoja uchungu upite ndipo akasikiliza, kwa sababu mtoto anayeanza kuchoka hujionyesha hapo, moyo ukishuka na kuchelewa kurudi.

Alirudia hivyo kila nusu saa, usiku kucha, na alikuwa na akina mama wengine wanne.

Yote aliyoyasikia na kuyagusa aliyahamishia kwenye karatasi moja, na hapa msomaji anivumilie, kwa kuwa ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Karatasi hiyo ni patografu. Njia ya uzazi inavyofunguka huwekewa alama ya X, kichwa kinavyoshuka huwekewa duara. Uchungu huhesabiwa kwa dakika kumi na kuchorwa kwenye vyumba vidogo: nukta kwa uchungu usiofika sekunde 20, mistari ya mshazari kwa ule wa sekunde 20 hadi 40, na chumba kinajazwa wino wote ukizidi hapo. Rangi ya maji ya chupa ina herufi yake. Mkunga anayejua kazi huitazama karatasi hii kwa jicho moja akaona saa sita zilizopita, kama msafiri anayegeuka kutazama njia aliyopita.

Asili yake inatuhusu Waafrika. Mwaka 1954 Mmarekani Emanuel Friedman alikuwa amechora jinsi njia ya uzazi inavyofunguka kwa saa. Mwaka 1972 Hugh Philpott na W. M. Castle, waliokuwa Salisbury, mji unaoitwa Harare leo, waliuchukua mchoro huo na kuupa kazi mpya. Walikuwa na wakunga kwenye vituo vya mbali, pasipo daktari, waliohitaji kujua saa ya kumhamisha mama kabla mambo hayajaharibika. Wakachora mistari miwili. Wa kwanza ni wa tahadhari, unaopanda sentimita moja kwa saa. Wa pili, wa kuchukua hatua, uko saa nne kulia kwake. Nafasi ya katikati ndiyo muda wa kutafuta gari na kumfikisha mama hospitali. Ukilijua hilo, zile saa nne kwenye karatasi zinageuka kuwa barabara ya vumbi na mama aliyelala nyuma ya gari.

Saa sita za usiku mkunga wetu alipima tena. Mdogo wangu aliyefika na sentimita 4 alikuwa na 7, wakati mstari ulimtaka awe na 8. Ile X ilikaa kulia kwa mstari wa tahadhari, umbali wa upana wa kucha. Uchungu ulikuwa mara mbili tu kwa dakika kumi. Mkunga aliitazama karatasi, akatutazama sisi, na sauti yake haikubadilika.

"Mwanangu, umekojoa saa ngapi?"

Mdogo wangu hakukumbuka.

"Mama mkubwa, mnyanyue twende naye chooni. Kibofu kikijaa kinamzibia mtoto njia."

Basi nikawa mama mkubwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Tulimpeleka, akakojoa kwa muda mrefu, akanywa chai ya rangi yenye sukari, tukatembea naye kwenye korido tukisimama kila uchungu ukija. Wakati sisi tunatembea, mkunga alikuwa amekwisha mwita daktari wa zamu na kumwonyesha ile alama. Walikubaliana kumtazama kwa saa mbili. Alifanya dogo lililo mikononi mwake, na papo hapo akamwandaa mwenye uwezo wa kufanya kubwa endapo litahitajika. Niliwahi kudhani mtaalamu hodari ni yule anayemaliza jambo peke yake. Usiku ule niliacha kudhani hivyo.

Saa nane X ilikuwa imepanda mpaka 9, na vyumba vya uchungu vilikuwa vimejaa wino, vinne kwa dakika kumi. Upasuaji haukuhitajika.

Niseme kwamba elimu hii haijasimama. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa leba. Unaanza kuhesabu uchungu uliokomaa kwenye sentimita 5 badala ya 4, na umeacha kuwapima wanawake wote kwa mstari mmoja, kwa kuwa wapo wanaofunguka taratibu na wakajifungua salama. Karatasi ya mwongozo huo inauliza pia mambo ambayo ile ya zamani haikuyauliza: mama ana msindikizaji? Amekunywa kitu? Amekaa mkao gani? Mkunga wetu aliyauliza yote hayo kwa mazoea yake.

Kusukuma kwenyewe sitakueleza kwa urefu. Nitataja neno alilolirudia kuliko yote, nalo ni "bado". Bado, mama. Hema. Bado. Kiganja kimoja kilikishika kichwa kisitoke kwa kasi, kingine kiliizuia ngozi isichanike, na kwa dakika kadhaa ustadi wake wote ulikuwa kuzuia haraka. Kichwa kilitoka polepole kama jua la bahari ya mashariki. Hakuna mshono uliohitajika.

Halafu kila kitu kikaenda mbio. Mtoto wa kike alitua juu ya tumbo la mama yake, akakaushwa kwa kanga kwa nguvu, mgongo ukasuguliwa. Wakunga hufundishwa kwamba mtoto asiyelia lazima awe ameanza kusaidiwa kupumua kabla ya sekunde 60 kuisha, kwa mfuko na barakoa vilivyokwisha kuwekwa tayari mezani. Mafunzo hayo yalipopelekwa katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Wetu alilia mwenyewe. Ndani ya dakika hiyohiyo mkunga alipapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, akachoma paja la mama sindano ya oksitosini uniti 10, akangoja kitovu kiache kudunda ndipo akakikata. Kondo la nyuma lilipotoka alilitandaza kwenye beseni na kulikagua pande zote, kipande kwa kipande, kama fundi nguo anayetafuta uzi uliokatika. Kipande kidogo kikisalia ndani, mama anaweza kutoka damu mpaka akafa.

Damu ndiyo adui mkubwa kwenye chumba hiki, na ni vigumu kuipima kwa macho, kwani kanga hunywa nyingi na kuficha. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2023, ulitandika chini ya mama plastiki yenye mfuko wa kupimia, na damu ilipozidi kipimo mama akapewa matibabu yote kwa mkupuo. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Hata hivyo lazima awepo mtu wa kuutazama mfuko. Mkunga wetu alirudi kitandani kwa mdogo wangu kila robo saa, akaminya tumbo kuona kama kizazi kimekaza kuwa kigumu kama mpira, akatazama kanga, akaandika. Huku nje kulikuwa kunapambazuka.

Takwimu za taifa la Tanzania zilizokusanywa mwaka 2015 na 2016 zilionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zilionyesha 104. Fedha, majengo, dawa na magari ya wagonjwa vimefanya sehemu yake. Lakini mwisho wa yote hayo kuna mtu anayesugua viganja vipate joto saa nane za usiku.

Mwezi Mei umewabeba watu hawa mara tatu: Mei Mosi ya wafanyakazi wote, tarehe 5 ya wakunga, na tarehe 12 ya wauguzi, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, ambapo wauguzi wetu huwasha mishumaa na kurudia kiapo. Mei 12 ya mwaka 2022, muuguzi Anna Qabale Duba kutoka Marsabit, Kenya, alikabidhiwa Dubai tuzo ya dola 250,000. Wengi tunakumbuka alichofanya kwa sababu kilisimuliwa: elimu aliyoipeleka kijijini kwake na vita vyake dhidi ya ukeketaji. Wafanyakazi bora wa hospitali zetu za umma hupewa cheti, wakati mwingine bahasha, na picha ubaoni, kisha mwaka unaofuata picha nyingine inabandikwa juu yake. Hakuna aliyesimuliwa kazi yao, hata wanafunzi wa ukunga wanaopita mbele ya ubao ule kila asubuhi.

Ombi langu kwa kamati zinazochagua ni dogo. Chini ya jina iongezwe sentensi mbili za kazi yenyewe, na zisomwe kwa sauti uwanjani kabla cheti hakijakabidhiwa. Kwa mama wa picha ile, kama nafasi ipo, naomba ziandikwe hivi: Saa sita za usiku aliona alama moja imevuka mstari. Alimwuliza mama amekojoa saa ngapi, akamwita daktari mapema, na kufikia saa kumi alfajiri mama na mtoto walikuwa salama.