Mbelewele Juu, Gunzi Tupu Chini

Mahindi yaliyopigwa na jua wiki ya kuchanua mliyaona wenyewe, sina haja ya kusimulia. Ninabaki na uamuzi mmoja tu, ambao kwangu ulikuwa upuuzi mtupu: maji yalipopungua, mmea uliitanguliza mbelewele, ndevu zikawekwa foleni.

Rudini mlitazame tukio. Mbelewele ilitoka kwa wakati wake, matawi yote, ikamwaga chavua kwa mamilioni. Huku chini, hindi lilikuwa linadai kidogo sana: kila punje unywele mmoja, kila unywele chembe moja ya chavua. Lakini ndevu hurefuka kwa maji, na maji hayakufika. Pengo kati ya chavua na ndevu, ambalo msimu mzuri huwa siku mbili tatu, likavuka wiki. Ndevu zilipochungulia, chavua ilikwisha kupeperuka na kufa. Mizizi ilijituma, sina neno nayo.

Najua watetezi wa mmea watanijia na mwanabiolojia Charnov na kitabu chake cha 1982: chavua ni rahisi, mbegu ni ghali, hivyo mmea wenye njaa heri uzae kwa jirani. Sawa, huko Mexico, kwenye teosinte, ndugu wa porini wa mahindi, ambako huyu huchanua leo na yule keshokutwa. Shamba la mbegu moja lililopandwa siku moja ni habari nyingine. Kiu imewakamata wote pamoja, wote wamechagua ubaba. Sasa huyo jirani wa kuzaa naye yuko wapi? Sukari na naitrojeni vimemwagwa chini, basi.

 

Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, walilishika jambo hili zamani. Tangu 1975 waliichuja mbegu ya Tuxpeño Sequía kizazi baada ya kizazi, wakibakiza mimea inayozaa penye kiu na ambayo ndevu zake haziachwi mbali na mbelewele. Mavuno ya ukame yakapanda. Mbelewele ndogo nayo imesaidia.

Ila kwa mbegu, wangu ni mkongwe wa Machakos, Katumani Composite B. Mvua ikiwa nzuri hana makuu. Ikiwa fupi, yeye huwahi kuchanua na kufunga punje kabla haijakata. Hizi mbegu za leo zenye picha za mahindi manene kwenye pakiti, ziulizeni pengo lao ni siku ngapi jua likiwaka.