Mstari au Ukanda? Uhakiki wa Tafsiri ya Maneno ya Kiingereza ya Mipaka katika Muktadha wa Ardhi ya Vijiji, Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maneno ya Kiingereza 'boundary', 'border', 'limit' na 'edge' yanavyotafsiriwa kwa Kiswahili katika maandishi yahusuyo ardhi ya vijiji, yakirejelea mazingira ya Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Hoja kuu ni kwamba upungufu unaolalamikiwa haumo katika msamiati wa Kiswahili. Umo katika mazoea ya mfasiri ya kuliacha neno 'mpaka' libebe dhana ambazo lugha yenyewe imekwisha kuzitenganisha.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Ruangwa ilianzishwa mwaka 1995 kwa kumega eneo la Nachingwea. Tendo hilo la kiutawala lilihitaji mstari kwenye ramani. Hata hivyo, kwa mkulima wa korosho na ufuta, ardhi haikomi kwenye mstari. Hukoma kwenye mkorosho, kwenye safu ya minyaa, kwenye njia ya miguu au kwenye kijito kinachokauka kiangazi. Swali la uhakiki huu ni hili: neno 'mpaka' linapoandikwa katika hati, linataja kitu kipi kati ya hivyo?

Swali hilo lina uzito zaidi tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Tafsiri ambayo zamani ilisomwa kama msaada kwa mwananchi sasa inaelekea kuwa ndiyo matini ya kutolea haki.

2.0 Utajiri usiotumika

Wapo wanaodai kwamba Kiingereza kina maneno mengi ya mipaka na Kiswahili kina moja. Dai hili halisimami. Kisu kina makali, nguo ina upindo, ukurasa una pambizo, mto una ukingo, muda una kikomo, macho yana upeo. Kiingereza huweza kutumia 'edge' kwa kisu, nguo, ukurasa na hata mto. Katika uwanja huu, basi, Kiswahili ndicho kinachobagua zaidi.

Asili ya maneno ya Kiingereza nayo haithibitishi usahihi unaodhaniwa. 'Limit' linatokana na neno la Kilatini 'limes', ambalo lilimaanisha pia njia ipitayo kati ya mashamba. Neno ambalo leo huchukuliwa kuwa kielelezo cha mstari mwembamba lilianza, kwa hiyo, likiwa na maana ya ukanda unaokanyagika.

3.0 'Mpaka' kama nomino na kama kihusishi

Tatizo mahususi la 'mpaka' ni la kisarufi. Neno hilo ni nomino yenye wingi 'mipaka', na papo hapo ni kihusishi chenye maana ya 'hadi'. Tungo 'shamba linafika mpaka mtoni' haisemi kama ukingo wa mto umo ndani ya shamba au umeachwa nje. Katika mazungumzo, utata huu hauna madhara, kwa kuwa wasemaji wanalifahamu shamba lenyewe. Katika hati itakayosomwa baada ya miaka 30 na mtu asiyelifahamu, utata huo ni mbegu ya mgogoro.

Kitenzi 'pakana' kinaongeza jambo jingine. Kiambishi cha kutendana kinadai pande mbili: shamba halipakani peke yake. Dhana ya Kiswahili ya mpaka, kwa hiyo, ni ya uhusiano wa majirani kabla ya kuwa ya kipimo. Mfasiri anayelichukulia neno hili kuwa sawa kabisa na mstari wa mpimaji anaupoteza uhusiano huo.

4.0 Sheria ya Ardhi ya Vijiji

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inadhihirisha suala hili. Kifungu cha 7 kinataja njia kadhaa za kuitambua ardhi ya kijiji. Miongoni mwake ni mipaka ya kijiji kilichosajiliwa, mipaka iliyokubaliwa na halmashauri ya kijiji na majirani zake, na ardhi ambayo wanakijiji wameikalia na kuitumia kwa kawaida katika miaka 12 kabla ya kutungwa kwa Sheria, ikiwemo iliyolazwa na ya malisho.

Njia hizi si namna moja ya mpaka. Ya kwanza ni mpaka wa daftari na ya pili ni mpaka wa makubaliano. Ya tatu haianzi na mstari wowote: ardhi inatambuliwa kwa matumizi, na ukingo wake hufuata mahali matumizi yalipokoma. Zote tatu zikielezwa kwa neno 'mpaka' bila kivumishi, msomaji wa Kiswahili huweza kudhani kwamba pasipo jiwe la mpaka hapana haki. Mwenye kuumia ni yule ambaye shamba lake limelazwa.

5.0 Ukingo wa maji na mistari ya mbali

Kwamba neno moja la ukingo laweza kuwa na gharama kubwa kunathibitishwa na Ziwa Nyasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 ulieleza mpaka kwa kufuata ufuko wa ziwa, na hadi leo Tanzania na Malawi hazijakubaliana kama mpaka uko ufukoni au katikati ya maji.

Nachingwea ina somo lake. Mpango wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951 uligawa ardhi katika mashamba makubwa yaliyopangwa kwanza kwenye karatasi. Karanga ziliposhindwa, mistari ilipoteza kazi yake, lakini jina la Farm 17 limebaki, likihusishwa zaidi na wapigania uhuru wa FRELIMO. Jina la kipande cha ardhi limedumu kuliko sababu ya kukikata.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu haupendekezi kubuniwa kwa istilahi mpya. Unapendekeza kwamba mfasiri na mwandishi wa hati wataje aina ya mpaka: mstari uliopimwa, ukanda wa pamoja, au mwisho wa matumizi. Panapotajwa mto, utajwe ukingo upi. Panapotajwa mkorosho, ielezwe ni wa nani, kwa kuwa shina laweza kuwa upande mmoja na korosho zikaanguka upande wa pili. Kamusi nazo zionyeshe muktadha wa kila kisawe badala ya kuvipanga visawe kana kwamba vinabadilishana nafasi. Maneno yapo, kinachodaiwa ni kuyatumia pale ambapo haki ya mtu inayategemea.