Nyekundu iliyopauka si rangi iliyokufa

Peleka gari la zamani lililopauka kwenye gereji za Chang'ombe, Dar es Salaam, na kabla hujazima injini fundi rangi ameshauliza: "Tunapiga rangi gani, bosi?" Simlaumu. Kompresa anayo, puti anayo, thina inauzwa jirani, na kupuliza upya ndiyo kazi iliyomsomeshea watoto. Ila gari likiwa Datsun 240Z yenye rangi yake ya kiwandani, swali hilo limewahi mno. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, hata upulize nyekundu ileile.

Gari hili tuna historia nalo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa 240Z, enzi mashindano hayo yalipokuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Lile la 1971, jekundu lenye boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni, linatunzwa na Nissan huko Japani. Mwaka 2013 klabu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo ililifufua likatembea tena. Mitambo waliishughulikia, lakini makovu ya bodi waliyaacha. Watu wenye kiwanda kizima nyuma yao hawakushindwa kuchanganya rangi, waliamua.

Tukirudi kwenye nyekundu iliyopauka ikageuka waridi: rangi za miaka ile zilikuwa za tabaka moja, bila klia, lile tabaka angavu, juu yake. Ndani ya tabaka hilo mna chembechembe za rangi na gundi inayozishika. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka. Miale yake inakula gundi ya juu kwanza. Chembe zinabaki zimelegea kama unga wa chaki, hewa inaingia katikati yake, na mwanga badala ya kuzama unatawanyika. Ndiyo maana jicho linaona weupe juu ya wekundu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina gharama: lowesha boneti. Maji yakijaza vile vitundu na wekundu ukarudi, kisha ukapotea yanapokauka, chini kuna rangi nzima. Pakibaki vilevile, au ukaona kijivu cha praima, hapo pameisha. Kipimo cha pili, chovya kitambaa cheupe kwenye polishi kidogo usugue sehemu iliyojificha. Kikitoka chekundu, hakuna klia. Toyota za miaka ya tisini ambazo klia imebabuka juu ya paa hazimo katika habari hii. Zile kweli zinahitaji kupulizwa.

Cha tatu ni unene. Rangi ya kiwandani mara nyingi ni mikroni mia moja na ushei, na kipimo cha kielektroniki kikisoma zaidi ya 300, mtu alishapita hapo na puti. Asiye nacho atumie sumaku: penye puti haishiki vizuri.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaosha, kisha wanawasha mashine na kompaundi kali. Gari linang'aa siku hiyohiyo, lakini unga mwekundu uliojaa kwenye pedi ndio rangi yenyewe, na kwenye mikunjo, mfano kingo za ule mgongo wa boneti ya 240Z, rangi ni nyembamba na mashine inafika chuma kabla hujashtuka. Wanaojua wanaanza na mafuta. Baada ya kuosha na kutoa uchafu ulioganda, wanapaka polishi ya mafuta isiyo na ukali (Meguiar's No. 7 ndiyo maarufu kwa kazi hii) kwa kipande cha taulo la pamba, wanasugua kwa mkono, wanaiacha ilale usiku kucha. Asubuhi wanafuta, wanarudia. Taulo linabeba chembe zilizokufa, mafuta yanazama kwenye vitundu. Ndipo inafuata polishi laini, mara moja, halafu nta.

Mafundi wanaiita kulisha rangi. Mimi naliona neno hilo limetia chumvi. Mafuta hayaijengi upya ile gundi iliyoliwa na jua. Yanafanya kazi ya yale maji ya kwenye boneti, ila hayakauki upesi. Faida yake kubwa ni kwamba polishi inayofuata inapita juu ya uso uliolainika, kwa hiyo haikwangui sana. Bila nta juu yake, na gari likilala juani, waridi itarudi.

Palipotokeza praima papulizwe hapo tu, na paneli ya jirani isiguswe. Kiraka kitaonekana kidogo, afadhali hivyo.

Kikwazo kilichobaki ni malipo. Fundi amezoea kulipwa kwa paneli, na kusugua kwa taulo siku nzima hakuna paneli ya kuhesabu, kwa hiyo akiachwa peke yake atashika mashine amalize. Vijana wanaosomea ufundi magari pale chuo cha VETA Chang'ombe wangeifanya kazi hii vizuri, maana inataka subira kuliko kompresa. Yeyote utakayempa, mkubaliane kwa siku, na msasa usiguse bodi mwenye gari asipokuwepo.