Chini ya Mretemu

Katika semina moja ya wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, mwezeshaji alituonyesha ukutani ile piramidi ambayo karibu kila aliyesomea ualimu, uuguzi au uongozi amewahi kuiona. Chini kabisa kuna chakula, maji na usingizi. Juu yake usalama, kisha upendo na kuwa na watu wako, kisha heshima. Kileleni, mtu kuwa kile anachoweza kuwa. Akatueleza kwamba mtu hapandi daraja la pili kabla hajamaliza la kwanza, na kwamba ndiyo maana ni vigumu kumhubiria mwenye njaa. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu," akauliza, "sisi tulioko huku chini, maana ya maisha yetu tuisubiri mpaka lini?" Watu wakacheka. Mwezeshaji naye akacheka, kisha akaweka picha iliyofuata.

Swali lile halikujibiwa, nami sijaweza kulitua. Tangu siku ile nimesoma tena waandishi wawili ambao watu huwataja sana wanapozungumza juu ya mahitaji ya binadamu na kusudi la maisha, Abraham Maslow na Viktor Frankl. Wote wawili walikuwa Wayahudi, mmoja Marekani, mwingine Vienna. Nina deni kwao wote na nina ugomvi na wote.

Nianze kwa kumtendea haki Maslow, maana semina zetu humsingizia. Makala yake maarufu ilitoka mwaka 1943, na piramidi haimo. Wengine waliichora baadaye kwa ajili ya kuwafundisha mameneja. Maslow mwenyewe aliandika kwamba mpangilio wake si sheria ngumu, kwamba hitaji moja halingoji jingine litoshelezwe kwa asilimia 100 ndipo lizaliwe, na kwamba wako watu wanaoacha kila kitu kwa ajili ya jambo wanaloliamini. Kabla ya kufariki mwaka 1970 alikuwa amekwisha kusema kwamba juu ya kilele kile kuna kitu kingine, nacho ni mtu kujisahau kwa ajili ya kilicho kikubwa kuliko yeye. Kwa hiyo mama yule angemuuliza Maslow ana kwa ana, huenda angepata jibu la upole kuliko alilolipata kwetu.

Hata hivyo ugomvi wangu haujaisha. Hata tukimsoma kwa upole, hitaji kwa Maslow ni kama shimo: likijazwa linanyamaza, na mtu anasogea kwenye shimo jingine. Tena mtu huyo yuko peke yake. Anatafuta chakula, anatafuta kupendwa, anatafuta kuheshimiwa. Hakuna mahali katika ngazi ile ambapo mtu mwingine anabisha hodi na kumwomba yeye chakula. Nasi tunajua, katika nyumba zetu, kwamba hodi ile ndiyo iliyowafanya wengi wetu kuwa watu.

Frankl alilijua hilo kwa mwili wake. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na kabla hajapelekwa kambini alipata viza ya kwenda Marekani. Angeweza kuondoka. Lakini wazazi wake walikuwa wazee, na mtoto akishaondoka, nani angewakinga? Akiwa bado anasitasita, alikuta nyumbani kipande cha marumaru ambacho baba yake alikiokota kwenye magofu ya sinagogi lililobomolewa na Wanazi. Kilikuwa na herufi moja ya Kiebrania, na baba akamweleza kwamba inatoka katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Frankl akaiacha viza ipite. Mwezi Septemba 1942 alichukuliwa pamoja na mkewe na wazazi wake, wakapelekwa Theresienstadt. Baba alifia huko. Mwaka 1944 yeye na mama yake walipelekwa Auschwitz, na mama akauawa. Mkewe, Tilly, alifia Bergen-Belsen. Yeye alitoka hai mwezi Aprili 1945, na mwaka uliofuata kitabu chake kikachapishwa, kile kinachojulikana duniani kama Man's Search for Meaning.

Wengi hukinukuu kitabu hicho kana kwamba kinasema mkate si kitu mradi mtu ana sababu ya kuishi. Mimi nadhani hawajakisoma. Sehemu ya kwanza imejaa mkate. Wafungwa wanaota keki, sigara na maji ya moto ya kuoga. Wanabishana kama mgawo wa siku uliwe wote mara moja au utunzwe kidogo kidogo. Kila mmoja anatamani mpishi azamishe upawa mpaka chini ya pipa la supu, kwenye njegere. Frankl haoni haya kuyasema hayo wala hayaiti udhaifu wa kiroho. Kwa sababu hiyo namwamini anapogeuka na kusema juu ya roho.

Yapo mambo mawili ambayo sikuyaona niliposoma mara ya kwanza nikiwa kijana. La kwanza ni la msimamizi mmoja wa kazi aliyempa kwa siri kipande cha mkate, alichokuwa amekibakiza kutoka mgawo wake mwenyewe wa asubuhi. Frankl anasema alilia, na kilichomliza kilizidi mkate: ni neno na mtazamo wa yule mtu alipokuwa akimpa. Sasa jaribu kutenganisha hapo hitaji la tumbo na hitaji la roho. Huwezi. Bila njaa ya mmoja na kujinyima kwa mwingine, neno lile lisingekuwa na uzito wowote.

La pili ni la wafungwa wawili waliotaka kujiua kwa kuwa, kama walivyosema, hawakutarajia tena chochote kutoka maishani. Mmoja alikuwa na mtoto nchi ya mbali, akimngoja. Mwingine alikuwa mwanasayansi mwenye mfululizo wa vitabu ambavyo hakuna mwingine angeweza kuvimalizia. Kilichowasaidia kubaki ni kukumbushwa kwamba wao ndio wanaotarajiwa. Katika ngazi ya Maslow mtu huuliza anahitaji nini, na kwa Frankl swali linageuka: ni nani anayekuhitaji wewe?

Hapo kitabu kiko imara. Sehemu ya pili, anapoeleza njia yake ya tiba, imenichosha. Anazungumzia watu wanaopata huzuni Jumapili, kazi za wiki zikisimama na utupu wao ukaonekana. Nilisoma hapo nikatabasamu, maana kwa mama zetu wa kwaya na jikoni Jumapili ndiyo siku yenye kazi kuliko zote. Yapo pia makosa mazito zaidi. Lawrence Langer, msomi wa Marekani, alimlaumu Frankl kwa kuandika kana kwamba moyo wa mtu ndio ulioamua nani apone katika kambi zile. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa Frankl mwenyewe anakiri kwamba waliokuwa bora kuliko wote hawakurudi.

Mimi nawalaumu zaidi wahubiri wake. Nimesikia, msibani na kando ya vitanda vya wagonjwa, mtu akiambiwa kwamba mateso yake yana maana, na mtu huyo hana hata nauli ya kwenda hospitali. Frankl hakufundisha hivyo. Anasema wazi kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe, na kwamba kuyavumilia bila sababu si ushujaa. Ukurasa huo haunukuliwi sana.

Nami sina mkono safi. Miaka kadhaa nilipokuwa katika kamati ya diakonia, tulikuwa na mjane mmoja mtaani kwetu. Tulimpelekea unga, mafuta na sukari, tukasali, tukapiga picha ya kumbukumbu, tukaondoka. Baada ya mara ya tatu aliacha kuja kwenye jumuiya. Tukasema kapoa kiimani. Mwaka ukapita hivyo. Kisha binti mmoja jirani akajifungua kwa upasuaji, mama yake mzazi yuko mbali, na mwanamke mmoja wa jumuiya, bila kuiuliza kamati, akaenda kumwomba yule mjane akamwogeshe mtoto. Akaenda kila asubuhi mpaka arobaini ikaisha. Siku aliyorudi jumuiyani nilimuuliza, kwa ujinga wangu, kilichokuwa kimemzuia. Akasema, "Baba, mlikuwa mnaniletea tu. Hamkuwahi kuniomba kitu."

Nisimfanye kuwa mfano wa semina. Unga aliuhitaji kabla ya kuombwa na aliuhitaji baada ya kuombwa, nasi tuliendelea kuupeleka, safari hii bila picha. Na yuko mzee mwingine ambaye tulijaribu kumwomba ushauri, tukamwomba asimulie historia ya usharika, akatuitikia kwa adabu na hakuja hata siku moja. Amefariki, na sijui alichokuwa anakihitaji.

Nikilirudia Neno baada ya waandishi hawa, naishia kwa Eliya. Kule Sarepta anamwomba maji na mkate mjane aliyebakiwa na unga wa mlo mmoja. Maandiko hayo yametumiwa vibaya kukamua pochi za akina mama, apande mbegu ili abarikiwe. Wanaofanya hivyo hawaisomi habari mpaka mwisho: nabii alihamia nyumbani kwa yule mjane, akala unga ule ule pamoja naye na mwanawe, siku nyingi. Hakuichukua sadaka akaenda zake.

Kisha, katika sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza, Eliya yule yule yuko jangwani chini ya mretemu, amechoka, anaomba afe. Hapo ndipo mhubiri angemweleza kusudi la maisha yake. Malaika hamwelezi neno. Anamgusa, anamwambia ainuke ale. Eliya anakula mkate na kunywa maji, halafu analala tena, na malaika hamkemei kwa kulala. Anakuja mara ya pili na chakula kingine, kwa kuwa safari ni ndefu. Swali la Mungu, la unafanya nini hapa, linakuja baadaye, huko Horebu, na baada yake anapewa kazi: awatie mafuta Hazaeli na Yehu, na amwite Elisha, ambaye atakuwa naye na kumtumikia. Mkate ulikuja kwanza, ndiyo, Maslow yuko sahihi kiasi hicho. Lakini yule aliyetaka kufa alikuwa anahitajika muda wote, hata alipokuwa amelala na tumbo tupu.

Nimesahau kusema jambo moja juu ya semina ile. Mama aliyeuliza swali hakukaa mpaka mwisho, na kiti chake kilikuwa karibu na mlango kwa sababu. Zamu ya jikoni ilikuwa ya kikundi chake. Saa saba mchana mwezeshaji alizima mashine yake, nasi sote tukatoka kwenda kupanga foleni mbele ya sufuria zake za wali na maharage.