Nukta Iliyo Mbele ya go.tz

Sanduku la barua pepe la wakala wa forodha Tunduma hujaa mchanganyiko. Za Mamlaka ya Mapato Tanzania huishia na tra.go.tz; za mkoa huishia na songwe.go.tz, za wenzao wa mapato wa Zambia, ng'ambo, upande wa Nakonde, zina zra.org.zm. Wenye malori na wenye mizigo nao wana vikoa vyao. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019, maofisa wa nchi mbili wakafanya kazi mahali pamoja, lakini kuzipanga barua ni kazi ya ofisi yenyewe.

Fundi anayeijua rejeksi (regex), lugha fupi ya kueleza umbo la maandishi, huzitenga barua za Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa mstari mmoja:

^[A-Za-z0-9._%+-]+@tra\.go\.tz$

Usome taratibu. Kikofia cha mwanzo kinasema: anzia hapa, pasitangulie kitu. Mabano ya mraba yanataja herufi zinazoruhusiwa katika jina la mtumaji, na alama ya kujumlisha inadai iwepo angalau moja. Kisha @, kisha kikoa chenyewe. Alama ya dola inafunga: baada ya tz hakuna nyongeza. Iondoe, na anwani inayoishia tra.go.tz.mfano.com itapita bila kuulizwa.

Ninachokipenda zaidi ni ule mkwaju mdogo ulio mbele ya kila nukta ya kikoa. Katika rejeksi, nje ya mabano ya mraba, nukta ikiachwa peke yake humaanisha alama yoyote ile, hivyo tra-go.tz nayo ingekubaliwa. Mkwaju unairudisha nukta kuwa nukta tu. Alama moja, na mlango huo wa tapeli umefungwa.

Ugumu unaongezeka ukitaka taasisi zote za serikali kwa pamoja. Mwenye haraka ataandika @.*go\.tz$ na kuridhika, maana songwe.go.tz inapita. Lakini tuseme kuna kikoa kinachoitwa mzigo.tz. Nacho kinaishia na go.tz! Kiswahili kimejaa maneno ya namna hiyo: mbogo, kigogo, mtego. Fundi makini huandika hivi:

@([A-Za-z0-9-]+\.)+go\.tz$

Sasa kabla ya go lazima kuwe na jina kamili linalofungwa kwa nukta, na mzigo.tz inabaki nje. Huo ndio ustadi wenyewe: kuijua lugha ya watu wako kiasi cha kuona mapema ni wapi itakuponyoka.

Mwanahisabati Stephen Kleene wa Marekani aliweka msingi wa fani hii katika miaka ya 1950, akichunguza mitandao ya neva. Mwaka 1968 Ken Thompson akachapisha njia ya kuitumia kutafuta maneno ndani ya maandishi, na baadaye akaandika programu ya grep, ambayo mafundi wanaitumia mpaka leo.

Rejeksi huangalia tahajia tu. Anwani ya mtumaji huweza kughushiwa, kwa hiyo barua inayodai malipo ya ushuru ihakikiwe kwa njia nyingine hata kama imepita kichujio.

Nawe unayejifunza, ukishaandika mstari wako usiujaribu kwa anwani sahihi pekee. Upe kwanza mzigo.tz, tra-go.tz na tra.go.tz.mfano.com; mstari ukizikataa zote tatu, ndipo uuweke kazini.